Jicho la Seremala Juu ya Bunduki

Mimi ni seremala wa Nachingwea. Ukinipa kitu chochote cha mbao na chuma, cha kwanza nitakachotafuta ni mahali vilipoungana. Ndiyo maana siku tuliyokabidhiwa bunduki za SAR kwenye mafunzo ya mgambo, wenzangu walikuwa wanachungulia mtutu, mimi napitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma. Nilitafuta upenyo wa seremala mvivu, sikuupata. Afande akaniona.

"Kuruta, unapapasa nini hapo?"

"Naangalia kiungo, afande."

"Silaha haipapaswi. Inafunguliwa, inasafishwa, inafungwa. Basi."

Alikuwa ananikaripia, lakini alikuwa amenieleza usanifu wote wa bunduki ya kisasa. Walioichora walitaka iachane vipande kisha irudi kuwa kitu kimoja mikononi mwa mtu ambaye si fundi, awe na taa au awe gizani. Umbo lake, uzito wake na hata uzuri wake vimetokana na sharti hilo. Nataka kuueleza uzuri huo kama ninavyouona mimi fundi, kisha niseme unatudai nini sisi watu wa Nachingwea, ambao bunduki imepita uani kwetu.

Gobore na bwana wake

Kuanzia Ruangwa hadi Nachingwea, bunduki ya kwanza mtoto kuiona ni gobore. Mjomba wangu alikuwa nalo, lenye kibali, la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Kitako chake kilichongwa kwa mkono na kupindishwa kidogo kufuata bega la mjomba, na pale shavu lake lilipoegemea, mbao iling'aa kwa jasho la miaka. Nilipokua aliniruhusu kuliweka begani likiwa tupu. Halikunikaa. Lilikuwa limepimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Gobore halina ndugu. Skrubu ya hili haiingii kwenye lile, na likiharibika, dawa ni kumrudia fundi yuleyule. Hadi karne ya 18 bunduki zote duniani zilikuwa hivyo. Kila moja ilikuwa kazi ya mkono mmoja, na hakuna vipande viwili vilivyolingana.

Mabadiliko yalianzia Ufaransa. Fundi Honoré Blanc alitengeneza mitambo ya kufyatulia bunduki za gumegume kwa vipimo vya aina moja. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Paris na baadaye akawa rais, alikwenda kuona. Aliokota vipande ovyo ovyo kutoka kwenye mafungu, akaunga mitambo kadhaa yeye mwenyewe, na kila kipande kikakaa mahali pake. Wamarekani wakalishika wazo hilo katika viwanda vyao vya silaha, na kutoka huko likahamia kwenye cherehani na baiskeli. Ukienda leo duka la vipuri pale mjini Nachingwea, ukataka pedali na ikaingia bila kuchongwa, unanufaika na kazi iliyoanzia kwenye bunduki.

SAR na SMG

SAR ni jina tulilozoea Tanzania la bunduki aliyoibuni Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945; kwingine inaitwa SKS. Ni nusu otomatiki. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, na gesi ya risasi hiyohiyo inasukuma mtambo nyuma ili risasi nyingine ipande. Inabeba risasi 10 na urefu wake unazidi mita moja kidogo. Mbele chini ya mtutu imekunjwa singe. Machoni pa seremala uzuri wake uko kwenye mbao. Kipande kimoja kirefu kinaanzia begani, kinanyooka, kinaupakata mtambo wote wa chuma kwa chini, na mstari haukatiki mpaka pale mkono wa mbele unaposhika. Aliyeuchora mstari ule alikuwa bado anawaheshimu maseremala wa zamani.

SMG, ambayo dunia inaijua kwa jina la aliyeibuni, Mikhail Kalashnikov, na mwaka 1947, ni kizazi kingine. Hii ikitakiwa inamimina risasi mfululizo. Mbao imekatwakatwa: kitako peke yake, mshiko peke yake, na vipande viwili vya kukinga mkono na joto la mtutu. Chuma ndicho kimekuwa mwili, na mbao imebaki pale tu mwili wa binadamu unapogusa. Magazini yake imepinda, na wengi hudhani ni pambo. Sababu ni risasi zenyewe. Maganda yake ni membamba zaidi kuelekea mbele, kwa hiyo ukiyapanga moja juu ya jingine mstari unapinda wenyewe. Mchoraji aliufuata tu.

Ndani, vipande vinavyotembea vimeachiwa nafasi ya kutosha ili mchanga na uchafu visiukwamishe mtambo. Seremala anayefunga mlango wakati wa kiangazi huacha nafasi ya namna hiyo, maana anajua masika yatauvimbisha. Toleo la mwaka 1959, AKM, liliacha mwili wa chuma kilichochongwa likachukua bati lililokunjwa kwa mashine, na kitako chake ni mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka kama plaiwudi. Ikawa nyepesi na rahisi kutengenezwa kwa maelfu.

Vipande hivyo vilipita hapa

Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba silaha hizi zina ukurasa wake huku kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ili kung'oa miti, baadhi ya vifaru aina ya Sherman vilivyobaki kutoka vita vya dunia viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mradi ulikufa mwaka 1951. Hata hivyo watu wa nchi hii walikuwa wameshaona chombo cha vita kikifunguliwa na kufungwa upya kuwa chombo cha shamba.

Zaidi ya miaka kumi baadaye safari ikageuka. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962, kilianza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, na kambi yake kuu ya mafunzo ikawa hapa Nachingwea, pale panapojulikana kama Farm 17. Samora Machel aliiongoza. Mwaka 1967 wasichana nao waliingia mafunzoni, akiwemo Josina, aliyekuja kuwa mke wake. Waliojifunza hapa walivuka mto Ruvuma wakiwa na silaha za Kirusi na za Kichina. Wareno walikuwa na bunduki ya G3, ndefu na nzito. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

SMG iliingia hata kwenye bendera. Tangu mwaka 1983 bendera ya Msumbiji ina bunduki yenye singe, imepishana na jembe juu ya kitabu. Mwaka 2005 mchoro mpya ulipendekezwa, bunge likaukataa. Wanaoitetea wanasema ni kumbukumbu ya jasho la kujikomboa, na mimi wa Nachingwea nawaelewa.

Wanaounga kwa mapenzi

Marekani, kuunga bunduki kumekuwa burudani ya nyumbani. Mwanzo wake ni Eugene Stoner, mhandisi wa kampuni ya ArmaLite ya California. Miaka ya 1950 alichukua aluminiamu na plastiki, akachora bunduki ambayo kitako na mtutu viko kwenye mstari mmoja, na mwili wake unaachana nusu mbili kwa kusukuma pini. Toleo la nusu otomatiki, AR-15, likauzwa kwa raia. Hataza zilipoisha muda, makampuni mengi yakaanza kutengeneza vipande vya vipimo vilevile. Mwaka 1995 jeshi la Marekani likaweka kipimo rasmi cha reli yenye meno ya kubandikia darubini au tochi, ikaitwa kwa jina la ghala la silaha la Picatinny. Tangu hapo mtu hununua mtutu huku, kitako kule, mshiko kwingine, na vyote vinakubaliana.

Wapenzi hao hubishana juu ya rangi, juu ya urefu wa mbele kulingana na wa nyuma, juu ya kama mstari wa juu umenyooka bila kuvunjika. Nawaelewa. Raha ya kusikia kipande kikikaa mahali pake naijua. Ndiyo inayoniamsha alfajiri kwenda karakana. Lakini fundi mwenye heshima huuliza pia kazi yake itafanya nini ikitoka mlangoni. Desemba 2012, huko Newtown, Marekani, kijana aliingia shule ya msingi na bunduki ya aina hiyo akaua watoto 20 na watu wazima 6. Usanifu unaomrahisishia kila mtu kuunga humrahisishia pia yule asiyestahili kukabidhiwa. Kwa hiyo nasimama upande wa sheria yetu. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inataka kibali kwa kila anayemiliki, na kutengeneza silaha bila leseni ni kosa. Kalashnikov mwenyewe alisema mwaka 2002, akiwa Ujerumani, kwamba angependa zaidi kuwa amebuni mashine ya kuwasaidia wakulima.

Kiti cha Kester

Msumbiji iliingia tena vitani, safari hii yenyewe kwa yenyewe, mpaka mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Nchi ikabaki imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaambia watu walete silaha na kupewa majembe, cherehani, baiskeli na vifaa vya ujenzi. Silaha zilikatwa, na vipande wakapewa wasanii wa Maputo.

Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kama Kester, aliunga kiti mwaka 2001. Leo kiko Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Nimekitazama kwenye picha kama ninavyotazama kazi ya fundi mwenzangu. Ni kiti kamili: kina miguu, mikono na egemeo. Vipande vyake vilitengenezwa nchi tofauti, vya Kireno kando ya vya Kirusi, maadui wawili wamechomelewa pamoja. Juu ya egemeo kuna vitako viwili vya G3. Matundu ya skrubu yamekuwa macho, upenyo wa kupitishia mkanda umekuwa mdomo, na nyuso mbili zinatabasamu. Kester amesema hakuzichonga, alizikuta humo. Namwamini, kwa sababu fundi mzuri huona kilichomo kabla ya kushika msumeno.

Katika kazi zote za kuunga vipande vya bunduki nilizozitaja, hii ndiyo naiona nzuri kuliko zote. Bunduki inamwelekea mtu aliye mbele yake. Kiti kinamwambia akae.

Serikali yetu hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na magobore hayakosekani. Baadaye huteketezwa. Naiomba halmashauri yetu, pamoja na wanaotunza historia ya ukombozi, vipande vilivyokwisha kukatwa na kuhakikiwa na polisi wapewe mafundi wa Nachingwea na Ruangwa, wachomeleaji na maseremala pamoja, tuunge viti vya chumba cha kumbukumbu hapahapa mjini. Ukutani pawe na mchoro mkubwa wa SAR iliyofunguliwa, kila kipande na jina lake la Kiswahili, ili mwanafunzi ajue ilivyofanya kazi na waliokufa kwa ajili yake. Mninga wa kukalia nitautoa mimi. Nawe kijana uliyesoma hapa na mikono ikakuwasha kuunga kitu, njoo karakana uanze na kigoda.