Kabla Usaini Jobo ya Urubani, Uliza Ndege Inalala Wapi

Tuseme umemaliza shule ya urubani. Buda aliuza ploti, mathe akachukua loni ya sacco, maanko wakachanga, na sasa uko na CPL mkononi na masaa kama 200 hivi kwa logibuku. Umeposti picha na shati nyeupe, mistari kwa mabega, na mbogi yote ya mtaa imekuita kapteni hata kama bado.

Halafu simu mbili zinaingia wiki moja. Ya kwanza ni kampuni ya Wilson inapeleka watalii Mara, doo kiasi tu. Ya pili ni ya kupeleka mizigo Sudan Kusini, doo karibu mara mbili. Na kwa keja kuna msupa wako, ako na ball ya miezi mitano.

Wasee wengi hapo huuliza ndege ni gani na mshahara ni ngapi. Poa, uliza. Lakini kabla ya hizo uliza hii: usiku, hiyo ndege inalala wapi? Juu penye inalala ndio na wewe utalala, na ukikosa kujua hiyo mapema utaisoma kwa rosta ukiwa ushasaini.

Lakini usikimbilie tu ile jobo iko karibu na home. Kuna hesabu. Ndio ukuwe kapteni kwa ndege kubwa ya abiria unahitaji leseni ya ATPL, na hiyo inataka masaa 1,500. Uko na 200. Zimebaki 1,300. Ukiruka masaa 60 kwa mwezi, hiyo ni kitu ka miezi 22. Ukiruka 25, ni zaidi ya miaka 4. Kwa hivyo jobo ya kwanza haikulipi ganji peke yake, inakulipa masaa pia, na masaa yakikosa hata familia inaumia, ni vile tu inaumia polepole.

Nilijua hii kwa msee mmoja tulikuwa majirani. Alikuwa na mtoi mdogo, akaona heri afundishe wanafunzi kuruka, hapo hapo Nairobi, kila jioni ako home. Ukiskia hivyo unasema huyo baba ako na akili. Shida ni kwamba alikuwa analipwa kwa masaa ya kuruka, na mwanafunzi akiishiwa na karo ndege haitoki. Mvua ikinyesha haitoki. Ikiwa gereji haitoki. Kuna mwezi aliruka masaa 9. Bibi yake ndiye alikuwa analipa rent, na alikuwa anailipa akiwa amenuna. Alikuwa home, ndio, lakini alikuwa home akiangalia dari.

Sasa angalia ile jobo ya Mara. Hapa wengi wataanza na Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya kubeba watu kama 12, ukiwa kiti cha rubani msaidizi. Kitu tamu kuhusu hizo safari ni kwamba viwanja vingi vya Mara ni nyasi na murram, na hazina taa. Giza likiingia hakuna kutua. Kwa hivyo kazi ni ya mchana, na kama ndege inarudi Wilson, jioni mapema kawaida iko chini. Saa 2 uko kwa meza na familia, jam ya Lang'ata ikikuhurumia. Tena unatua na kuruka mara nyingi kwa siku moja, ukipambana na upepo, na pundamilia wakiwa kwa njia, na hiyo inakufunza mkono kuliko kukaa hewani masaa matano ukiangalia mawingu.

Ubaya wake? Kalenda. Nyumbu wakivuka mto, kati ya Julai na Oktoba, utalala ukiota Mara. Krismasi wasee wakienda ocha, wewe unawabeba Wazungu. Na kuna kampuni zinaacha ndege ilale huko porini ama Pwani ndio iwahi abiria wa asubuhi. Hapo unarudi kwa lile swali langu la kwanza.

Ile ya mizigo na misaada ni stori ingine. Kenya imebeba misaada ya Sudan tangu kitambo. Lokichoggio ilikuwa kambi kubwa ya hizo ndege kuanzia 1989. Hapo unaruka sana, masaa yanajaa haraka, na doo ni tamu. Lakini unaishi kwa zamu: wiki sita huko, wiki mbili ama tatu home, hivyo hivyo mwaka mzima. Mtoi akianza kutembea utaona kwa video, kama netiweki iko. Na hatari si ya kuchekesha. Mei 2020 ndege ya mizigo ya Kenya ilitunguliwa Bardale, Somalia, ikiwa imebeba vifaa vya hospitali, na watu wote 6 ndani wakafa. Kwa hivyo uliza waziwazi: bima yenu inalipa nikiwa sehemu ya vita, na inalipa nani? Wakianza kukuzungusha, toka. Sioni ganji ya kukufanya usaini bila hiyo karatasi ukiwa na mtoi.

Mimi sisemi hiyo jobo ni mbaya. Kama hauna mtoi bado, na mnaskizana na mwenzako, miaka miwili huko inaweza kukupeleka mbali. Lakini mkubaliane na tarehe ya kurudi mkiwa wawili, muiandike, juu hiyo doo ni ngumu kuacha ukishaizoea.

Kama wewe ndiye rubani na ndiye utabeba mimba, hesabu yako iko tofauti na hakuna mtu hukuambia mapema. Sheria za kimataifa za urubani zinakubali mjamzito mwenye afya poa aruke kutoka mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26 peke yake. Hiyo ni wiki 14 kati ya 40. Ongeza miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye iko kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na unaweza kukaa chini karibu miezi 9. Sasa kama mshahara wako mwingi ni posho ya kuruka, hizo miezi utakula nini? Uliza mshahara wa msingi ni ngapi bila posho. Uliza kama kuna kazi ya ofisini wakati huo. Na nyinyi mababa, sheria hiyo hiyo inawapa wiki 2 zenye malipo kamili. Msiache ziende.

Kitu kingine ni bondi. Kampuni ikikulipia mafunzo ya ndege fulani, kawaida inakufunga miaka kadhaa, na ukitoka mapema unalipa. Hiyo ni sawa, wametumia pesa. Lakini hakikisha deni linapungua kila mwezi unafanya kazi. Kuna mikataba unatoka ukiwa umebakisha miezi miwili na unadaiwa yote, na mtoi akigonjeka ukiwa mbali ndio utajua hiyo laini ilikuwa inamaanisha nini.

Haya yote usimuulize mtu wa kuajiri peke yake. Yeye kazi yake ni kukuuzia. Tafuta rubani msaidizi mwenye aliingia hapo miaka miwili iliyopita, umnunulie chai kwa kibandaski karibu na Wilson, na umwambie akuonyeshe rosta yake kwa simu. Na asikuonyeshe ya Mei. Mei ni mvua, kambi mingi za Mara zimefungwa na kila mtu ako home. Mwambie akuonyeshe ya Agosti.