Unguja na Muscat: nani shina, nani tawi?

Leo tunaingia kwenye majumba ya wafalme, na msiniulize mtoto wa Ruanda, huku Mbozi, nimefikaje. Si huku mzee akifariki akaacha shamba la kahawa, hata arobaini haijaisha mnasikia, "Mimi ndiye mkubwa!"? Basi na Ulaya ni hayohayo, ila wenzetu waliyatungia sheria. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto wa kiume wa kwanza na kizazi chake ndio shina. Wadogo zake na vizazi vyao ni matawi: wanapewa jina na cheo, halafu wanasubiri. Na kuna waliopata. Ukoo wa Orléans, uliotokana na mdogo wake Louis wa 14, ulitoa mfalme wa Ufaransa mwaka 1830.

Sasa njooni kwetu, maana hapa ndipo penye utamu. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja pamoja, alifariki mwaka 1856. Thuwaini, kaka mtu, alikuwa Muscat. Majid, mdogo mtu, Unguja. Nusura wapigane. Mwaka 1861 Mwingereza Lord Canning, mtawala wa India, akaamua kesi: kila mmoja abaki na kwake, ila Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka.

Hapo mtasema Muscat shina, Unguja tawi. Tulieni kwanza! Thuwaini aliuawa mwaka 1866, na aliyetajwa kumuua ni mwanawe mwenyewe, Salim. Salim naye akapinduliwa mwaka 1868. Mwaka 1871 kiti kikachukuliwa na Turki, mdogo wake Thuwaini, na hadi Sultani Haitham wa leo ni kizazi cha Turki tu. Wale wa Thuwaini je? Walikuja kutawala Unguja! Khalifa bin Harub, mjukuu wake, alikaa kitini tangu 1911 hadi 1960. Akafuata mwanawe Abdullah, kisha Jamshid, aliyeng'olewa na Mapinduzi ya Januari 1964.

Kwa hesabu ya Kizungu, kati ya nyumba hizo mbili, Jamshid ndiye wa kwa kaka mtu, na Muscat ndiyo tawi. Lakini Wabusaidi hawakuwa na sheria ya mkubwa kwanza. Aliyeshika ngome na kuungwa mkono, kiti chake. Mwaka 1996 sheria kuu ya Oman ikafunga mlango kabisa: sultani lazima awe mwanamume wa kizazi cha Turki. Mwaka 2021 wakaongeza kwamba mrithi ni mtoto mkubwa wa sultani. Yaani ukubwa ulianza kuhesabiwa baada ya nyumba ya kaka mtu kuwekwa nje. Ujanja huo!

Jamshid aliishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya miaka 50. Ruhusa ya kuhamia Oman aliipata mwaka 2020, mzee kabisa. Alifariki Desemba 30, 2024, Muscat, mji uliotawaliwa na Thuwaini, babu wa babu yake.