Kuficha Antena ya Redio Ndani ya Pikipiki

Kipindi cha leo si cha mbegu wala cha mbolea. Tutazungumza juu ya pikipiki, na hasa juu ya waya mmoja tu katika pikipiki, nao ni antena ya redio. Mwenye kalamu aiweke karibu, maana yapo mahesabu kidogo.

Siku hizi mkulima anakwenda na pikipiki kila mahali. Anapeleka nyanya gulioni, anarudi na mbolea, kesho yake anamfuata Bwana Shamba. Kilomita 40 au 50 kwa siku si jambo la ajabu. Nyumbani ameacha mahindi yameanikwa juu ya turubai. Sasa ikiwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza mvua kubwa kwa jioni hiyo, yeye ataisikia wapi? Simu iko mfukoni, na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Mahindi yakilowa, kisha yakarundikwa ghalani kabla unyevu haujashuka kufika asilimia 13 na nusu hivi, ukungu unaingia, na ukungu wa namna fulani ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula chakula chenye sumu hiyo. Kwa hiyo anayesema redio ya pikipiki ni anasa ya vijana, na aseme. Sisi tunaihesabu pamoja na jembe na turubai.

Taabu iko kwenye antena. Redio nyingi za pikipiki huja na kijiwaya kinachoning'inia, au na kijiti cha chuma cha kuvuta kama kile cha redio ya mkononi. Kijiwaya hakishiki stesheni ukitoka nje kidogo ya mji. Kijiti kinashika vizuri, lakini kipitishe kwenye migomba au kwenye kahawa uone. Kinanasa matawi, kinapinda, mwisho kinakatika. Ukifunga magunia kwenye keria kinakuwa njiani. Na baya zaidi, kiko karibu na uso wa abiria wako. Mama anayepanda nyuma na mtoto mgongoni hapaswi kukaa mbele ya chuma chenye ncha, barabara yenyewe ikiwa na mashimo.

Wenzetu wa Marekani wanaosafiri siku nzima kwa pikipiki kubwa, kama vile Honda Gold Wing na Harley-Davidson za safari ndefu, nao wana shida ya namna hiyo. Pikipiki hizo huja na redio, na nyingi zina antena ndefu iliyosimama nyuma kama fimbo ya mchungaji. Baadhi ya wenye pikipiki hizo huing'oa, wakaweka antena ndani ya bodi ya plastiki ya mbele au ndani ya masanduku ya mizigo, isionekane kabisa. Pikipiki zetu ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile, na vifaa vinapatikana kwa fundi redio yeyote.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mawimbi ya redio hupita kwenye plastiki, kwenye mbao na kwenye kitambaa cha kiti bila taabu. Kwenye chuma hayapiti. Ukiweka antena chini ya tangi la mafuta ni sawa na kuifungia ndani ya debe. Kwa hiyo kuficha maana yake ni kuficha macho yasiione, si kuyafichia mawimbi. Kabla hujanunua kitu, zunguka pikipiki yako ukigonga kwa kidole. Kava za pembeni ni plastiki au bati? Mkia ulio nyuma ya kiti je? Fungua kiti ukitazame chini, maana kitako cha baadhi ya viti ni plastiki na vingine ni bati. Pikipiki nyingi tunazozitumia zina kava na mkia wa plastiki, na hapo ndipo mahali petu.

Jambo la pili ni urefu. Mawimbi ya redio huenda mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ukitaka kujua urefu wa wimbi moja kwa mita, chukua 300 ugawanye kwa namba ya stesheni katika megahezi. Stesheni ya FM iliyoko 100 ina wimbi la mita 3. Antena ya namna tunayoieleza inatakiwa iwe robo ya wimbi hilo, yaani sentimita 75. Stesheni iliyoko 88 inataka kama sentimita 85, na iliyoko 108 inataka kama 69. Hakuna haja ya kuwa na antena tatu, bwana. Chukua sentimita 75 na stesheni zote za FM zitasikika. Ila kama kuna stesheni moja unayoitegemea kuliko zote kwa habari za hali ya hewa na bei za mazao, piga hesabu ya hiyo.

Vifaa ni vichache. Nunua mita tatu hivi za waya mnene wa antena ya televisheni, ule ambao katikati una waya mmoja wa shaba, juu yake plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi za chuma, na gamba la nje. Pata na tepu nyeusi ya umeme, kamba za plastiki za kubania, kishikizo kimoja cha waya chenye tundu la boliti, na fyuzi yenye nyumba yake.

Kwenye ncha moja ya waya pima sentimita 80. Chuna gamba la nje kwa urefu huo, polepole, usikate wavu. Usukume wavu urudi nyuma, uukusanye, uusokote uwe kama mkia mmoja, ukate unaozidi na kubakiza kama urefu wa kiganja. Ile plastiki nyeupe yenye shaba ndani iache kama ilivyo. Hiyo sasa ndiyo antena yako. Tumeacha sentimita 5 za akiba kwa makusudi, maana waya ukiwa mrefu utaupunguza, lakini ukiwa mfupi huwezi kuurefusha.

Mkia wa wavu ufunge kwenye kishikizo, kisha ukaze kwa boliti ya fremu iliyo karibu na pale antena inapoanzia. Hapa mafundi wengi hufanya haraka mno. Fremu ina rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua kwa kisu au msasa mpaka chuma king'ae, kaza boliti, halafu paka grisi juu pasishike kutu. Fremu ndiyo nusu ya pili ya antena. Wavu usipogusa chuma cheupe, utapata antena nusu, na utailaumu redio bure.

Ule waya mweupe uulaze ndani ya mkia wa plastiki. Anza chini, uupandishe kufuata kava ya pembeni, halafu uulaze kuelekea nyuma, ufanane na kona ya mlango. Sababu yake ni kwamba stesheni nyingine hutoa mawimbi yaliyosimama na nyingine yaliyolala, na nyingine hutoa yote mawili. Waya wenye kona hupata kidogo kidogo kutoka kila upande. Usiukunje ukarudi juu ya sehemu yake nyingine, wala usiuzungushe kama kamba ya mbuzi. Uache nafasi ya vidole vinne kati yake na chuma cha fremu, kwa kadiri inavyowezekana. Uushikize kwa tepu tu kwanza.

Sehemu iliyobaki, yenye gamba lake, ipitishe chini ya kiti na chini ya tangi mpaka mbele. Hiyo inaweza kugusa chuma bila madhara, kwa sababu wavu unaikinga. Iweke mbali na ekzosi. Pale shingoni geuza usukani mpaka mwisho kulia, na mpaka mwisho kushoto, uone kama waya hauvutwi wala haubanwi. Waya unaoshika usukani kwenye kona ya mteremko utakutia hasara kubwa kuliko redio. Kwenye redio, shaba ya katikati iungwe na waya wa antena, na wavu uungwe na upande wa hasi.

Sasa usifanye haraka kufunga kava kwa skrubu. Ukiwa karibu na mnara wa stesheni hata msumari utashika. Nenda mahali ambapo stesheni yako huwa inasikika kwa shida, nyuma ya kilima kwa mfano. Mawimbi ya FM husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima huyazuia. Simama hapo, sikiliza, sogeza waya kidogo, sikiliza tena. Kata sentimita moja moja mpaka uone hakuna nafuu tena. Mtu anayeifanya kazi hii jioni moja kwa utulivu hupata kitu kizuri kuliko anayenunua antena ya bei kubwa yenye kikuza mawimbi. Kikuza mawimbi hukuza na makelele pia.

Tukizungumzia makelele, washa injini. Ukisikia tra-tra-tra inayoongezeka unapovuta mafuta, hiyo ni cheche ya plagi. Usishangae. Mitambo ya kwanza ya redio, ya akina Marconi, ilirusha mawimbi kwa cheche za umeme, na plagi yako ni mtambo mdogo wa namna hiyo. Dawa yake ni plagi yenye kizuizi ndani. Kwa plagi za NGK utaitambua kwa herufi R katika namba yake. Mwambie muuzaji akupe inayolingana na injini yako, usichukue tu kwa sababu ina R. Kofia ya plagi nayo huuzwa ikiwa na kizuizi, kwa kawaida cha omu 5,000. Na antena yenyewe iwe mbali na koili na waya wa plagi, jambo ambalo tumeshalifanya kwa kuiweka mkiani.

Umeme wa redio uuchukue kwenye waya unaozimika pamoja na ufunguo. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, si karibu na redio, maana waya ukichubuka katikati ya njia fyuzi iliyoko mbele haitakusaidia, na petroli iko juu yake. Betri ya pikipiki ndogo ni ya ampea-saa 5 mpaka 9. Redio inayokula ampea 1 ikipiga muziki nusu siku chini ya mwembe, injini imezimwa, jioni utasukuma.

Wapo watakaouliza, na masafa ya kati je? Hapo hesabu yetu inagoma. Stesheni iliyoko kilohezi 1,000 ina wimbi la mita 300, na robo yake ni mita 75. Ndiyo maana wazee walikuwa wakivuta waya kutoka paa la nyumba mpaka kwenye mwembe. Redio ndogo hutumia ile fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba, na utakumbuka kwamba ukiigeuza redio sauti hupanda au hushuka. Kwenye pikipiki itapanda na kushuka kila unapokata kona. Fimbo hiyo inaweza kukaa ndani ya kava ya plastiki, lakini hushika makelele ya plagi kuliko FM. Kwa maoni yetu, anayetegemea masafa ya kati asimame kando ya barabara wakati wa habari, azime injini, asikilize.

Tuseme pia ukweli kwamba antena iliyofichwa haifikii antena iliyosimama wazi juu. Aliye mbali sana na mnara, ambaye hata kijiti kirefu kinamsikilizisha kwa taabu, asitarajie muujiza. Wengi walio kati ya hapo watatosheka.

Ukiridhika, funga waya kwa zile kamba za plastiki, zungushia tepu kila penye maungio ili maji yasiingie, rudisha kava na kiti. Sauti uiweke kiasi cha kusikia honi ya lori nyuma yako, na usivae vya masikioni ukiwa unaendesha. Baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi fungua tena kiti, ukaze ile boliti ya fremu, maana mtikisiko huilegeza.

Juma lijalo, kuanika mahindi juu ya vichanja. Kwa herini.