Walipa nauli waje kututumikia: wapata nini?

Ukiwa barazani na kikombe chako cha kahawa, likapita basi dogo la kukodi limejaa wageni waliovaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa kifuani, lazima mmoja aulize: "Hawa nao wataka nini?" Majibu hayakosi. Wa kwanza atasema wamekuja kubadilisha watoto wetu dini. Wa pili atasema ni watalii tu, wamechoka kulala ufuoni. Wa tatu, yule ambaye siku zote ana habari za ndani, atasema ni majasusi.

Mimi nimewahi kukaa ndani ya basi hilo. Ni miaka kumi na kitu sasa. Diploma yangu ya kazi za jamii ilikuwa bado mpya, kazi hakuna, na rafiki akaniunganisha na kundi la kanisa moja la Marekani lililotaka mkalimani wa kambi ya matibabu huko Kilifi. Siku kumi, malipo ya kila jioni. Mama yangu aliniuliza mara tatu kama nimefikiri vizuri. Nilikuwa nimefikiri, na kodi ya nyumba ilinisaidia kufikiri.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinishangaza. Watu wale hawakulipwa hata senti. Wao ndio waliolipa. Kila mmoja alijitafutia nauli ya ndege, visa, bima, chakula na kitanda. Aliyekuwa nacho alitoa mfukoni. Asiye nacho aliwaandikia barua jamaa na waumini wenzake kuomba mchango, au alipika keki akaziuza baada ya ibada. Wengi walikuwa wametumia likizo yao ya mwaka mzima. Mwalimu, fundi wa mabomba, karani wa benki, wauguzi watatu, na kijana wa chuo ambaye siku ya kwanza aliungua na jua akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Si kundi moja wala mawili. Robert Wuthnow, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikadiria katika miaka ya 2000 kwamba Wakristo wapatao milioni 1.6 wa Marekani walikuwa wakitoka nje ya nchi yao kila mwaka kwa safari fupi za namna hii. Nyingi huchukua wiki moja au mbili.

Sisi wa Pwani tuliujua umisheni wa namna nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said wa Zanzibar. Miezi michache baadaye alimzika mkewe na mtoto wao mchanga hapa hapa. Mwenzake Johannes Rebmann alikuja 1846 akakaa hadi 1875, miaka 29, na alipoondoka Rabai alikuwa haoni tena. Mtu unaweza kupinga kila walichohubiri, na wazee wetu wengi walipinga, lakini huwezi kusema walikuja kupiga picha. Walijifunza lugha za watu, wakaziandikia kamusi. Safari ya siku kumi ni kitu kingine kabisa, na nadhani makosa yetu mengi huanza pale tunapoviita vyote viwili kwa jina moja.

Basi wapata nini? Nilipata jibu jioni, si mchana. Kila usiku baada ya chakula walikaa kwa duara chini ya mwembe, na kila mmoja alisema siku ile ilimgusa wapi. Nilikuwa pembeni, nasikia. Fundi wa mabomba alisema kwao yeye huitwa bomba likipasuka, hakuna anayemuuliza habari zake, lakini leo bibi mmoja asiyemjua amemshika mkono hakutaka kumwachia. Karani alisema hajawahi kupita siku tatu bila simu na ameanza kulala usingizi wa kweli. Kijana yule alilia. Alisema amelelewa akiambiwa ana bahati, lakini alikuwa hajawahi kuliamini neno hilo. Karibu wote walimaliza kwa maneno mamoja: tumekuja kutoa, tumepokea zaidi.

Mwanzoni nilidhani ni adabu tu ya mgeni. Kufikia siku ya tano niliamini wanamaanisha. Mtu ametoka katika kazi ambayo haoni mwisho wake, akaingia mahali ambapo akiosha kidonda, kidonda kimesafika mbele ya macho yake. Amezungukwa na wenzake wenye imani kama yake kutwa na kucha. Ameona watu wasio na umeme wanacheka. Na amejiona yeye mwenyewe akiwa mpole kuliko alivyo kwao. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwa maoni yangu.

Msomaji Mwislamu asicheke. Sisi tunao wenzetu wa Tabligh wanaotoka siku tatu, siku arubaini, hata miezi minne, kila mmoja kwa gharama yake, wanalala misikitini na kupika wenyewe. Waulize wanatoka kwa nini. Watakwambia bila kuona haya kwamba wanatoka kwanza kujirekebisha wenyewe. Na mtu akirudi kutoka khuruji, hamwoni uso wake? Tamu ya ibada inayofanywa mbali na nyumbani haina dini moja.

Lakini pia tumefundishwa kuiogopa tamu hiyo. Mafundisho ya mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia yapo katika Injili yao na yapo katika hadithi za Mtume wetu, rehma na amani zimshukie. Surat al-Insan inawasifu wanaolisha maskini bila kutaka malipo wala shukrani. Atakaye thawabu kwa Mola wake hana kosa. Swali langu ni kwa yule ambaye malipo yake lazima ayachukue papo hapo, kutoka kwa maskini aliye mbele yake: tabasamu, machozi, picha ya mtoto aliyepakatwa. Picha zile zilipigwa mamia, na sikumbuki mzazi hata mmoja akiombwa ruhusa.

Na kuna hesabu ya pesa. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya makanisa ya Amerika Kaskazini yalikwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia Mkristo anayeishi huko huko Honduras, aliwafuatilia wajenzi na waliojengewa, akachapisha matokeo mwaka 2006. Ukijumlisha nauli, nyumba iliyojengwa na wageni iligharimu kama dola 30,000. Mashirika ya Kikristo ya wenyeji yalijenga kwa kama dola 2,000. Wenye nyumba, alipowauliza, hawakuona tofauti kubwa kati ya nyumba ya mgeni na ya mwenyeji. Wajenzi nao walisema safari imewabadilisha na sasa wanatoa zaidi, lakini alipoangalia daftari za michango za shirika lililowapeleka, ongezeko lilikuwa dogo sana. Nampenda msomi huyu kwa sababu hakuwa adui. Alikuwa anakagua nyumba ya kwao.

Mimi hesabu yangu ilikuja kwa njia ya shangazi yangu.

Kituo chetu cha tatu kilikuwa kijiji alikoolewa. Alipimwa, presha ikaonekana iko juu vibaya, akapewa vidonge vya siku thelathini na maelezo mazuri ambayo nilimtafsiria mwenyewe. Alifurahi, akatuletea madafu. Miezi mitatu baadaye nilipomtembelea, alinionyesha karatasi yenye vidonge vinne. Alikuwa anavikata nusu, anakunywa siku anayosikia kichwa. "Wageni wako wanarudi lini, baba?" akaniuliza. Nilikosa pa kuweka uso. Zahanati ya serikali ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Nilikwenda kumuuliza sista msimamizi kama ana jina la shangazi. Hakuwa nalo, wala la mgonjwa yeyote wa kambi ile. "Waliweka hema, watu mia nne wakapita, kadi zote wakaondoka nazo," alisema. "Mimi hawakuniuliza hata nina dawa gani."

Hapo ndipo ilipo shida, na ndiyo maana sikubaliani na baraza zinazotaka wageni hawa wafukuzwe, wala na wale wanaowapokea kwa ngoma. Furaha ya yule anayejitolea ni ya kweli. Lakini ina gharama, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa na mwenyeji ambaye hakushauriwa. Akishauriwa, mambo hugeuka.

Mfano upo, na uko katika mji wa Waislamu. Shirika la Kikristo la Mercy Ships, lililoanzishwa mwaka 1978, huendesha meli zilizo hospitali nzima. Wanaojitolea humo, daktari wa upasuaji kwa mpishi, hujilipia nauli zao wenyewe. Mwaka 2022 meli yao mpya, Global Mercy, ilitia nanga Dakar, Senegal, nchi ambayo zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Waislamu. Iliingia kwa mkataba na serikali. Meli hizi hukaa bandarini miezi kumi hivi, si siku kumi. Hupasua uvimbe wa uso, midomo sungura, mtoto wa jicho, miguu ya watoto iliyopinda, na wakati huo huo huwafunza madaktari na wauguzi wa nchi hiyo. Kuna daktari mmoja wa Marekani, Gary Parker, bingwa wa upasuaji wa uso, aliyepanda meli ya shirika hilo katika miaka ya 1980 kwa nia ya kukaa miezi mitatu. Alikaa zaidi ya miaka thelathini, akaoa humo, akalea watoto humo. Sidhani mtu wa namna hiyo anahitaji kuulizwa anapata nini.

Si kila mtu atakuwa Parker. Hata wa siku kumi anaweza kufanya jambo la maana, mradi aulizwe maswali mapema, na kuuliza ni haki yetu. Daktari wa kigeni hatakiwi kutibu Kenya bila leseni ya muda kutoka baraza la madaktari, KMPDC. Mzee wa mtaa anaweza kuomba kuiona. Zahanati inaweza kudai nakala ya kila kadi. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha yake imo.

Kuhusu dini, ambalo najua ndilo mnalolisubiri, nitasimulia moja. Siku ya miwani alikuja maalim mmoja wa chuo, mzee wa miaka sabini na ushei, macho yamemchoka. Muuguzi mstaafu aliyekuwa akigawa miwani alimjaribishia tano, sita, ya saba ikakubali. Mzee akatoa juzuu yake mfukoni, akasoma kimya, midomo ikitikisika. Yule mama machozi yakamtoka. Akaniambia nimuulize kama anaweza kumwombea. Nikasita. Nilitazama watu waliokuwa kwenye foleni. Mwishowe nikatafsiri, kwa sauti ya chini.

Maalim hakuinua hata kichwa. "Mwambie aombe kwa lugha yake, nami nitamuombea kwa yangu," alisema. "Na hii miwani, muulize, ikivunjika nimpate wapi?"

Nililitafsiri hilo pia. Yule mama hakuwa na jibu, na nadhani swali lile alikwenda nalo kwao, kwa sababu miaka miwili baadaye alirudi. Safari hii hakuwa na fulana ya rangi moja wala hema. Walikuwa wawili tu. Alinipigia simu nimpeleke kwa sista wa zahanati, akakaa kwenye benchi la wagonjwa hadi zamu yake ilipofika, akauliza kinachohitajika. Sista alimwambia vidonge asilete, vitafuatiliwa kupitia kaunti. Alitaka mashine tatu za kupimia presha, betri zake, na nauli ya bodaboda kwa mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba. Wiki mbili yule mama alizitumia kuandika daftari pamoja na mhudumu huyo, jina kwa jina, mlango kwa mlango. Jioni hapakuwa na duara chini ya mwembe. Alikuwa akichoka, analala mapema.

Daftari lile bado liko zahanati, limebandikwa gamba jipya. Shangazi ni nambari 14. Kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na akichelewa, sista humpigia mimi simu.