Nyumba na Kanisa: Je, Vyashindana?

Katika safari zetu za kufundisha dini, toka milima ya Umatengo hata pwani ya Ziwa Nyasa, swali moja hutufuata kila mahali. Mmoja husema: “Mwalimu, sisi twasali jumuiyani kila juma, twasoma Injili na kuimba. Ya nini kuchoka kupanda mlima Jumapili kwenda parokiani?” Mwingine husema: “Mimi ni mtu wa Misa. Mambo ya jumuiya ni ya wanawake na ya wenye nafasi.” Wote wawili ni Wakristo wema, nao wote wawili wameshika nusu ya neno. Twataka kulitazama neno hili pamoja nanyi.

Kwanza tujue ya kuwa kanisa la nyumbani si jambo jipya. Wakristo wa kwanza waliumega mkate nyumbani mwao. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Warumi, alilisalimu kanisa lililokutana nyumbani mwa Priska na Akila. Alipowaandikia Wakolosai alimtaja Nimfa, na barua yake kwa Filemoni aliielekeza pia kwa kanisa la nyumbani mwake. Tena huko Dura-Europos, katika nchi ya Shamu, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua nyumba ya karne ya 3 iliyogeuzwa kuwa mahali pa sala, na katika chumba kimoja mlikuwa na birika la ubatizo. Baada ya Kaisari Konstantino kuwapa Wakristo uhuru wa kusali mwaka 313, ndipo makanisa makubwa yalipoanza kuenea. Basi nyumba ilitangulia.

Walakini tuangalie: nyumba zile hazikuwa dini mbalimbali. Barua za Paulo zilitoka kanisa hata kanisa, na imani ilikuwa moja. Tena Paulo hakunyamaza walipokosa. Aliwakemea Wakorintho vikali kwa kuwa, walipokutana kula, wenye mali walishiba na maskini wakakaa na njaa. Yaani hata kanisa la nyumbani laweza kumsahau aliyeketi karibu na mlango.

Katika nchi yetu pia mambo yalianza kwa udogo. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka 1899. Upande wa ziwa, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuja kutoka kisiwa cha Likoma. Kasisi William Percival Johnson aliizunguka pwani ile miaka mingi, akafa mwaka 1928, na kaburi lake li Liuli. Makasisi walikuwa wachache na vijiji vingi. Vita vya 1914 hata 1918 vilipowaondoa mapadre Wajerumani, walimu wenyeji ndio waliowakusanya watu kwa sala na mafundisho, wakingoja siku ya kupata tena Misa.

Kwa hiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, walipoazimu kuzijenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, hawakutuletea mgeni. Jimbo la Mbinga, lililozaliwa mwaka 1986, lilikuta njia hiyo imekwisha kufunguliwa. Na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili, baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, alitufundisha kuliona Kanisa kuwa Familia ya Mungu.

Wazee wa Umatengo hawahitaji kuelezwa sana maana ya neno hilo, kwa kuwa waliijua sengu. Katika uwanja wa babu, wana na wajukuu walikula pamoja. Kila nyumba ilileta chakula chake, na aliyekosa alikula cha wenzake. Hapo vijana walifundishwa adabu, na magomvi yakaamuliwa. Tena watazameni ngoro zetu katika mteremko wa mlima. Majani hulazwa kwa miraba, udongo hufukuliwa katikati na kuyafunika, na kila shimo hushika maji yake lenyewe. Shimo moja haliwezi kuuzuia mlima usimomonyoke. Lakini mashimo yote pamoja huuzuia, na mahindi na maharagwe hustawi. Likipasuka moja, maji yake huyaangukia yaliyo chini yake. Ndivyo zilivyo jumuiya katika parokia.

Sasa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, mama mmoja mjane alitaka mtoto wake abatizwe. Kwa desturi yetu, barua ya ubatizo hutoka kwanza jumuiyani. Tulifungua daftari la mahudhurio, tukaona miezi mitatu hana alama. Viongozi wakasema, “Asubiri kwanza ajirudi,” nasi tukakubali, tukidhani twailinda dini. Yule mama hakubishana. Alimbeba mtoto wake akaenda zake.

Baada ya majuma kadhaa tulipita ufukoni alfajiri ya Jumamosi, saa ile ile ya sala ya jumuiya. Mitumbwi ilikuwa ikirudi na taa zake, na yule mama alikuwa akianika usipa mchangani, mtoto yu mgongoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Tulipomwuliza, alitueleza pia ya kuwa zamu ya kusali nyumbani kwake ilipokaribia, paa lilikuwa likivuja, naye alikuwa na mkeka mmoja tu. Akaona haya. Kisha akasema: “Mwalimu, nilidhani mtu atakuja kuuliza.”

Neno hilo lilituchoma. Daftari lilijua ya kuwa hayupo, wala hakuna aliyejua kwa nini. Katika kanisa kubwa, padre hawezi kumwona kila asiyekuja. Sisi majirani wa nyumba 10 au 15 tulikuwa na uwezo wa kumwona, wala hatukutazama. Tuliigeuza nyumba ya sala kuwa kizuizi cha njiani. Tulimwomba radhi. Saa ya sala ikahamishwa iwe jioni, vijana wakaezeka paa, na zamu yake ilipofika kila mtu alikuja na mkeka wake.

Mtoto alibatizwa parokiani siku ya Jumapili. Wakulima wa kahawa kutoka milimani na wavuvi wa ziwani, wasiomjua mama yule, waliitikia kwa sauti moja imani anayobatizwa kwayo mtoto. Jambo hilo jumuiya peke yake haiwezi kulitoa. Nyumbani twakaa na majirani, na mara nyingi na ndugu, na ugomvi wa ukoo huingia pamoja nasi mlangoni. Altareni twaketi na watu tusiowachagua, twala Mkate mmoja, na mafundisho yetu hupimwa kwa mafundisho ya Kanisa zima.

Basi, ninyi wenye nyumba, msiache Misa kwa sababu mmekwisha kusali nyumbani, wala msidhani Misa yawaondolea wajibu wa kumjua jirani. Nanyi walimu wenzetu, daftari lina kazi yake, lakini kabla ya kumwandika mtu kuwa hahudhurii, enendeni mkabishe hodi kwake. Mkikuta paa linavuja, anzeni na paa.

Mungu azibariki nyumba zenu, atukutanishe sote Jumapili katika nyumba yake.