Mbunifu anavuka mpaka na nini mkononi?

Mei 2017, mzee mmoja wa Buguruni, Dar es Salaam, alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Jina lake Francis Maige Kanyasu, ingawa wengi walimjua kama Mzee Ngosha. Habari zake ziliwagusa Watanzania kwa mambo mawili: hali duni aliyokuwa akiishi, na maelezo yake kwamba ndiye aliyechora Nembo ya Taifa, ile yenye mwanamume na mwanamke waliosimama pande mbili za ngao.

Wapo waliopinga na kumtaja mwingine, Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza. Ubishi ule haukuhitaji tume. Rasimu moja tu yenye saini na tarehe ingetosha kuumaliza.

Kisa hicho kingefaa kusimuliwa siku ya kwanza katika kila darasa la ubunifu Afrika Mashariki. Vyuo vyetu vinafundisha rangi, herufi, vitambaa na programu za kompyuta, na vinafundisha vizuri. Kinachosahaulika ni kumsaidia mwanafunzi ajue yeye ni mbunifu wa namna gani, kisha aweze kulithibitisha hilo mbele ya mtu asiyemfahamu.

Kwa eneo hili, suala hilo lina uzito wa pekee. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, ikifungua njia kwa watu kufanya kazi na kutoa huduma katika nchi wanachama. Wasanifu majengo, wahandisi na wahasibu wana bodi za kuwasajili, na wamekwisha kutiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mbunifu wa mavazi, vifungashio au mabango hana bodi ya namna hiyo. Akitoka Mwanza kwenda Kampala au Kigali, usajili wake ni jalada lake la kazi.

Si kwamba kuvuka mpaka ni jambo geni. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na shule iliyotokana na madarasa yake bado ina jina lake. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma hapo, akachora michoro ya ukutani katika kanisa la Murang'a, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Nchi tatu, na kazi zake ndizo zilizomtangulia.

Tatizo la majalada mengi ya wanafunzi ni kujaa. Ndani utakuta kila zoezi tangu mwaka wa kwanza, kadi za harusi za binamu watatu, fulana za mahafali na nembo ya duka ambalo halipo. Anayetafuta mbunifu haoni mtu, anaona ghala. Kazi nane zilizochaguliwa kwa makini zinasema zaidi, hasa kila moja ikieleza mteja alikuwa na shida gani, rasimu zipi zilikataliwa na kwa nini ya mwisho ilipita. Kadi ya harusi nayo si ya kudharauliwa. Ikiwa bibi harusi alibadili rangi mara nne na mwanafunzi akamaliza kwa wakati, hiyo ni habari ya kazi kuliko bango la kubuni tu.

Kazi za kikundi ndizo zenye mtego. Wanafunzi watano wametengeneza kifungashio kimoja cha kahawa, na wote watano wanakiweka kwenye jalada kana kwamba kila mmoja alikifanya peke yake. Mwajiri akikutana na wawili kati yao wiki moja, wote wanaonekana waongo. Mwalimu anaweza kuzuia aibu hiyo kwa kudai mstari mmoja chini ya kila picha: nani alichora, nani alichagua herufi, nani alizungumza na mkulima.

Halafu kuna kusema. Mwanafunzi anaitetea kazi yake kwa Kiingereza mbele ya wahadhiri, kisha anakwenda Kariakoo kwa mwenye kiwanda kidogo cha sabuni na ulimi unagoma. Mteja yule anataka kujua kwa Kiswahili cha kawaida kama kopo litaonekana kwenye rafu na kama gharama ya kuchapa itapanda. Chuo kikimwalika mfanyabiashara kama huyo kukaa kwenye jopo la mwisho wa muhula, hakitumii fedha nyingi. Soda na nauli vinatosha.

Wakati huohuo, muhula ukifungwa, rasimu huishia kwenye mapipa ya taka nje ya karakana, nyingi zikiwa hazina jina wala tarehe.