Sekunde 0.03 za Simbu: Jinsi Mazoezi Yanavyoufundisha Ubongo Kuamua

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Singida, alimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha, kwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Wengi wetu huiita bahati au kipaji. Fiziolojia ina maelezo zaidi. Jicho likiona ishara, misuli huhitaji takribani sekunde 0.2 kuitikia. Mkimbiaji akiinamisha kifua mapema hupoteza mwendo. Akichelewa, mwinamo haumfai kitu. Uamuzi huo hauna budi kuanza kabla mstari haujafikiwa, tena baada ya kilomita 42 za uchovu. Hapo hakuna nafasi ya kutafakari.

Mwaka 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji ubao wa sataranji kwa sekunde chache. Bingwa alikumbuka kete nyingi kuliko mwanagenzi. Lakini kete zilipopangwa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia. Kumbukumbu yake ilikuwa ya kawaida: alitambua mipangilio aliyokwisha kuiona mara nyingi. Ndivyo afanyavyo golikipa stadi. Penalti kali huchukua takribani nusu sekunde kufika golini, kwa hiyo yeye husoma nyonga na mguu wa kusimamia wa mpigaji kabla mpira haujaguswa. Kwa kurudiarudia, kazi iliyohitaji umakini mkubwa hapo mwanzo hupokewa na sehemu za ndani za ubongo pamoja na serebelamu, nayo hutendeka bila kuamriwa neno kwa neno.

Hata hivyo, si kila mazoezi huzaa matunda hayo. Mwaka 2009, Daniel Kahneman na Gary Klein walieleza kuwa uamuzi wa papo hapo huaminika pale tu penye mazingira yenye utaratibu, na mtendaji anapopata mrejesho wa haraka. Mtoto anayezungushwa kwenye koni kila jioni hujifunza koni. Hajifunzi kumsoma mpinzani.

Kwa makocha na wazazi wa Dodoma, Singida na kwingineko, ushauri wetu ni huu. Wapeni watoto michezo midogo ya watatu kwa watatu, kisha waulizeni waliona nini. Waacheni walale vya kutosha, maana usingizini ubongo huimarisha ulichojifunza mchana. Aliyegongwa kichwa atolewe uwanjani mara moja, asirudi kabla ya kupimwa na mtaalamu: ubongo uliojeruhiwa huitikia polepole, na pigo la pili laweza kumletea madhara makubwa zaidi.

Mazoea hujenga tabia, walisema wahenga. Basi msiwe wepesi kumwambia mtoto wa miaka 10 kwamba hana kipaji. Huenda bado hajaona vya kutosha.